Pikipiki ya Askari Haiendeshwi na Betri Peke Yake

Kila chombo kipya kinapoingia sokoni, sifa zake hutangulia mbele kama matarumbeta ya harusi. Pikipiki za umeme za kupita porini, ambazo viwanda vya Marekani, Ulaya na Asia vimekuwa vikizinadi kwa majeshi na polisi kwa zaidi ya miaka kumi sasa, hazikukosa matarumbeta hayo. Husemwa kwamba hazina mlio, hazitoi moshi, hazihitaji petroli, na kwamba askari aliyezipanda aweza kumfikia adui au mhalifu kabla hajasikika. Mengi ya hayo ni kweli. Lakini ukweli wa sifa za chombo si sababu ya kutosha ya kukinunua kwa fedha za umma. Hapo ndipo watumishi wanaoandaa bajeti, wanaofungua zabuni na wanaotia sahihi hati za malipo wanapopaswa kusimama na kufikiri.

Tamaa ya askari kusafiri upesi bila kusikika si ya leo. Mwaka 1941 na 1942 jeshi la Japani lilishuka rasi ya Malaya kwa baiskeli, likawapita Waingereza waliotegemea malori na barabara. Mwaka 1954 wapigania uhuru wa Vietnam waliwashinda Wafaransa huko Dien Bien Phu baada ya kupitisha shehena milimani kwa baiskeli zilizoimarishwa kwa mianzi, kila moja ikisukumwa na mtu huku imebeba mzigo wa zaidi ya kilo 200. Pikipiki za petroli nazo zilifanya kazi kubwa ya kupeleka amri na kupeleleza katika vita vikuu viwili vya dunia, lakini zilikuwa na kasoro moja isiyofichika: mlio wa injini ulimtangulia mpanda pikipiki kila alikokwenda. Baiskeli ilikuwa na ukimya bila nguvu, na pikipiki ilikuwa na nguvu bila ukimya. Pikipiki ya umeme imekuja ikidai kuunganisha yote mawili.

Madai hayo yana msingi. Mota ya umeme hugeuza takriban asilimia 90 ya umeme inaopewa kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli ya pikipiki hupoteza kiasi cha robo tatu ya nguvu ya mafuta kwa joto. Mota hutoa nguvu yake yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, jambo linalofaa sana katika mchanga, tope na mwinuko. Haina klachi wala gia za kubadili, haina kabureta, plagi, ekzosi wala mafuta ya injini ya kumwaga. Askari mgeni hujifunza kuiendesha kwa muda mfupi zaidi, na fundi ana sehemu chache za kushughulikia. Aidha, haina bomba la moshi lenye moto mkali, kwa hiyo joto lake ni dogo mbele ya kamera zinazoona joto usiku.

Majeshi hayakuchelewa kuyaona hayo. Mwaka 2013 kampuni ya Zero Motorcycles ya California ilionyesha pikipiki iitwayo MMX, iliyotengenezwa kwa ajili ya vikosi maalumu vya Marekani. Ilikuwa na nguvu za farasi 54, betri zinazochomolewa na kuwekwa nyingine, taa ambazo askari aliweza kuzizima zote, na uwezo wa kuvuka maji ya kina cha karibu mita moja. Haikuwa na ufunguo, kwa sababu ufunguo hupotea vitani. Mwaka 2014 DARPA, wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliifadhili kampuni ya Logos Technologies ya Virginia kubuni pikipiki ya namna mbili, yenye mota ya umeme pamoja na injini ndogo iliyoweza kunywa mafuta ya aina mbalimbali. Mfano wake, SilentHawk, ulipoonyeshwa mwaka 2016 ulisemwa kutoa sauti ya desibeli 55 inapokwenda kwa umeme peke yake, ambayo ni kama sauti ya watu wawili wanaozungumza chumbani, na desibeli 75 injini inapowashwa.

Australia nayo mwaka 2020 iliwapa askari wa upelelezi wa kikosi cha farasi wepesi cha Queensland baiskeli za umeme zenye nguvu, wazijaribu sambamba na magari yao ya deraya. Wazo lilikuwa jepesi kueleweka: gari lisimame mafichoni, na askari wawili watangulie kwa magurudumu mawili kuchungulia kilicho nyuma ya kilima. Mwaka 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, viwanda vidogo vya Kiukraine vya Delfast na Eleek viliwapelekea askari wa nchi yao baiskeli na pikipiki za umeme. Zilitumiwa na wadunguzi na na vikundi vilivyobeba makombora ya kupiga vifaru, vikifika, vikipiga na kuondoka kabla mizinga ya adui haijawaelekea. Pikipiki za Eleek zilikuwa na tundu la kutolea umeme, hata askari akaweza kuchajia redio na vifaa vingine akiwa porini.

Kwa upande wa polisi, jiji la Bogotá nchini Colombia lilitangulia. Mwaka 2013 polisi wake walipokea pikipiki 100 za umeme za Zero kwa ajili ya doria za mjini. Huko London, ambako katika miaka ya 2020 wanyang'anyi wa simu wamekuwa wakitoroka kwa baiskeli na pikipiki za umeme, polisi nao wameingiza pikipiki nyepesi za umeme katika doria zao.

Ipo sababu nyingine iliyoyavuta majeshi makubwa, nayo haizungumzwi sana katika matangazo ya biashara. Sababu hiyo ni mafuta. Nchi za NATO zilikubaliana kurahisisha ugavi kwa kutumia mafuta ya aina moja, ya jamii ya mafuta ya ndege, kwa magari na ndege zao. Pikipiki ya petroli ikawa mtoto wa kambo, kwa kuwa ilihitaji kuletewa mafuta yake peke yake. Wanajeshi wa Marine wa Marekani walifika hatua ya kuigeuza pikipiki ya Kawasaki ili itumie dizeli badala ya petroli. Na kila tone linalopelekwa mbele lina gharama ya damu. Uchunguzi wa jeshi la Marekani uliotolewa mwaka 2009 ulikadiria kwamba huko Afghanistan, kwa kila misafara 24 ya kupeleka mafuta, mtu mmoja aliuawa au kujeruhiwa. Jeshi lenye hesabu ya namna hiyo mbele yake halina budi kutafuta chombo kinachoweza kushibishwa kwa jua au kwa jenereta iliyopo kambini tayari.

Hizo ndizo sifa. Sasa ni haki kutazama upande wa pili wa daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Kasoro ya kwanza ni ya hesabu, na mwalimu yeyote wa shule ya msingi aweza kuwafanyia wanafunzi wake ubaoni. Chukuliwa pikipiki nyepesi yenye betri ya uniti 4 za umeme, yaani kilowati-saa 4. Ikiwa katika njia mbovu inatumia wati-saa 50 kwa kila kilomita, itakwenda kilomita 80, kisha itasimama. Pikipiki ya petroli yenye tangi la lita 10, inayokwenda kilomita 35 kwa lita, itafika kilomita 350. Mafuta hayo ya lita 10 yana uzito wa kilo zipatazo saba na nusu, na betri ile ya uniti 4 ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Petroli ikiisha, dumu huletwa na tangi hujazwa kwa dakika mbili. Betri ikiisha, pasipo na betri ya akiba, askari atasubiri saa kadhaa, na pasipo na umeme atasukuma. Hakuna maneno ya muuzaji yanayoweza kuifuta hesabu hii. Inaweza tu kupunguzwa makali kwa betri za akiba na kwa kuichagua vyema kazi ambayo chombo hicho kitapewa.

Kasoro ya pili ni joto. Betri ya lithiamu hufurahia hali ya hewa anayoifurahia binadamu. Ikichajiwa na kutunzwa mara kwa mara katika joto la nyuzi 45 na zaidi, huzeeka kabla ya wakati wake, na kontena la bati lililoachwa juani katika kituo cha porini hupita kiwango hicho kwa urahisi. Betri ni kiungo cha ghali kuliko vyote katika pikipiki hiyo. Atakayeiacha ichakae kwa sababu ya kukosa kibanda cha kivuli atakuwa ameichoma fedha ya umma kwa jua.

Kasoro ya tatu ni kwamba vita vyenyewe vinabadilika. Kule Ukraine, tangu mwaka 2024, askari wa Urusi wamefanya mashambulizi mengi kwa pikipiki za kawaida za petroli, wakitumaini kwamba mbio zitawaokoa na ndege ndogo zisizo na rubani. Wengi hawakuokoka. Ndege hizo zina macho ya kamera na hazina haja ya masikio. Ukimya wa pikipiki ya umeme humsaidia askari kuisikia ndege inayomjia, jambo ambalo injini ya petroli humnyima. Lakini haumfichi na kamera iliyo juu yake. Kwa hiyo anayeuza ukimya kana kwamba ni vazi la kutoonekana anauza kitu asichokuwa nacho.

Kasoro ya nne ndiyo inayostahili kupigiwa mstari na kila ofisa wa ugavi. Viwanda vingi vya pikipiki hizi ni vichanga, na vichanga hufa. Pikipiki ya SilentHawk ilijengwa juu ya umbo la pikipiki ya Alta Motors ya California. Mwezi Oktoba 2018 Alta ilifunga milango, na mwaka 2019 mali zake zikanunuliwa na kampuni ya BRP ya Kanada. SilentHawk yenyewe ilibaki kuwa mfano wa majaribio. Kampuni ya CAKE ya Uswidi, iliyosifiwa sana kwa pikipiki zake nyepesi za porini, ilifilisika mwezi Februari 2024. Waliokuwa wamenunua pikipiki zake waliamka siku hiyo wakiwa na vyombo vizima, lakini hawana mtu wa kumdai dhamana. Mtu binafsi akipatwa na msiba wa namna hiyo atauza chombo chake kwa hasara. Serikali ikipatwa nao, vituo vyake vya polisi hugeuka makaburi ya magurudumu.

Habari ya CAKE inaihusu Afrika moja kwa moja. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilishirikiana na Chuo cha Wanyamapori cha Kusini mwa Afrika, kilicho karibu na Hifadhi ya Kruger nchini Afrika ya Kusini, kutengeneza pikipiki ya umeme kwa ajili ya askari wanaopambana na ujangili. Sababu ilikuwa ya dhahiri. Jangili porini husikia pikipiki ya petroli ingali mbali, akazima moto wake, akafukia meno ya tembo na kutokomea. Pikipiki isiyo na mlio humwondolea jangili onyo hilo. Na kwa kuwa vituo vya askari hao viko mbali na nyaya za umeme, pikipiki zilikusudiwa kuchajiwa kwa paneli za jua badala ya kungoja lori la mafuta.

Wazo hilo halikufa pamoja na kampuni iliyolitoa, wala halipaswi kufa. Tanzania inajua gharama ya ujangili kuliko nchi nyingi. Hesabu za tembo zilizofanywa nchini zilionyesha kwamba idadi yao ilishuka kutoka zaidi ya 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Katika Pori la Akiba la Selous, ambako mwaka 1976 walihesabiwa tembo wapatao 109,000, mwaka 2013 walibaki wapatao 13,000. Nyuma ya tarakimu hizo wapo askari wa wanyamapori waliotembea kwa miguu kuwafuata majangili wenye silaha za kivita, na wapo waliopoteza maisha yao. Askari wa namna hiyo anastahili chombo kitakachomrudisha nyumbani salama. Swali ni chombo gani, kwa kazi ipi, na kwa utaratibu upi.

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019, ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Hakuna pikipiki ya umeme iliyopo leo ambayo itaizunguka nchi ya ukubwa huo kwa chaji moja. Lakini doria ya kilomita 20 kwenda na 20 kurudi kutoka kituoni, alfajiri au usiku, kuchunguza mtego, kisima au njia ya wanyama, inaingia vizuri ndani ya kilomita zile 80 na kubakiza akiba. Doria ndefu ibaki kwa gari na kwa pikipiki ya petroli. Doria fupi ya kuvizia ipewe ya umeme. Ikumbukwe pia kwamba ukimya una hatari zake porini. Nyati asiyesikia kitu kinachomjia hushtuka akiwa hatua chache tu mbele ya askari, na nyati aliyeshtuka hakimbii daima upande unaotakiwa. Jambo hilo linahitaji mafunzo, wala si la kudharauliwa.

Umeme wa kituo kama hicho nao unahesabika. Paneli moja ya jua ya wati 400, ikipata saa tano za jua kali kwa siku, hutoa uniti 2. Upotevu ukiondolewa, hubaki kiasi cha uniti moja na sehemu sita za kumi. Pikipiki sita zenye betri za uniti 4 zinahitaji uniti 24 zikiwa zimeishiwa kabisa. Basi zinatakiwa paneli 15, ambazo zitaenea katika nusu ya paa la darasa moja la shule. Huo si mradi wa kutisha. Ni mradi ambao fundi umeme aliyehitimu chuo cha ufundi aweza kuusimamia, ilmradi fedha zake ziwe zimetengwa katika bajeti ile ile ya kununulia pikipiki. Pikipiki kununuliwa mwaka huu na paneli kuahidiwa mwaka ujao ni kununua kengele ya baiskeli kabla ya baiskeli.

Mijini hali ni nyepesi zaidi, na majirani wameonyesha njia. Kampuni ya Ampersand ilianza mwaka 2019 mjini Kigali mtindo wa dereva wa pikipiki ya abiria kubadilisha betri iliyokwisha kwa iliyojaa, kwa muda usiozidi ule wa kujaza petroli. Serikali ya Rwanda ilipoona kwamba jambo hilo linawezekana, iliamua kuwa tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali ziwe za umeme. Nchini Kenya, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilizindua mwaka 2021 majaribio ya pikipiki za umeme, na msitu wa Karura jijini Nairobi ukawa mojawapo ya mahali pa majaribio hayo. Jambo la kujifunza hapa ni mpangilio wa kazi. Huko Kigali vituo vya betri vilijengwa pamoja na pikipiki, na amri ya serikali ilifuata baada ya mafundi na madereva kuzoea.

Tanzania nayo haiko mikono mitupu. Mitambo tisa ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambayo wa kwanza wake ulianza kuzalisha umeme mwezi Februari 2024, ina uwezo wa jumla wa megawati 2,115. Kwa upande mwingine, mafuta yote yaliyosafishwa yanayotumika nchini huagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta mwaka 2022, serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kuwapunguzia wananchi makali. Kila kilomita ambayo polisi wa doria mjini ataikata kwa umeme wa Rufiji ni kilomita isiyotegemea meli ya mafuta wala vita vya watu wengine. Hoja hii ina uzito kuliko hoja ya ukimya, na ndiyo inayopaswa kuwekwa mbele.

Hata hivyo, utegemezi waweza kubadili nguo tu ukabaki ule ule. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, hasa katika migodi ya Kolwezi na maeneo ya jirani. Tanzania ina kinywe huko Mahenge na nikeli huko Kabanga. Betri za lithiamu zinazotumia chuma na fosfeti, ambazo hazina kobalti wala nikeli, bado zinahitaji kinywe, na sehemu kubwa sana ya betri hizo hutengenezwa China. Bara linalotoa udongo na kununua betri, kisha likangoja fundi kutoka ng'ambo aje kuifungua, litakuwa limeacha kutegemea petroli ya wageni ili litegemee betri ya wageni. Sheria za mwaka 2017 zilizotaka madini yaongezewe thamani nchini zilikuwa na shabaha hiyo hiyo, na ununuzi wa serikali ni mojawapo ya nyenzo za kuitimiza.

Lipo pia suala la polisi na raia. Askari jeshi huuficha mwendo wake kwa adui, lakini polisi hufanya kazi miongoni mwa watu anaowalinda, na kuonekana kwake ni sehemu ya ulinzi wenyewe. Mama anayevuka barabara jioni amezoea kutumia masikio yake. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliagiza kwamba tangu Julai 2019 aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti ya tahadhari zinapokwenda polepole. Lakini agizo hilo halikuzihusu pikipiki. Pikipiki ya polisi isiyo na mlio inahitaji honi, taa na kanuni. Inahitaji namba inayosomeka na askari aliyevaa sare inayotambulika, ili raia aliyetokewa usiku na chombo kisichosikika ajue ni nani aliye mbele yake, na akiwa na malalamiko ajue ampeleke nani mbele ya sheria. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Haifai mshindo huo uwe wa raia aliyegongwa au aliyeonewa gizani.

Kutokana na hayo yote, yapo masharti ambayo serikali yoyote ya Afrika inayofikiria kununua vyombo hivi haina budi kuyazingatia.

Kwanza, majaribio yatangulie ununuzi, nayo yapite misimu yote miwili. Chombo kilichojaribiwa kiangazi peke yake hakijajaribiwa. Kiingie katika tope jeusi la masika, kivuke mito, kipandwe na askari mwenye mzigo wake kamili na si na mpanda pikipiki wa maonyesho. Kumbukumbu za kila siku ziandikwe: kilomita, uniti za umeme, hitilafu, na muda chombo kilioukaa bila kazi.

Pili, betri iwe ya aina moja kwa idara zote. Polisi, askari wa wanyamapori, maofisa wa misitu na wahudumu wa afya vijijini wakinunua kila mmoja betri yake isiyoingia katika pikipiki ya mwenzake, kila kituo kitahitaji ghala lake na kila hitilafu itahitaji barua yake. Majeshi yaliyochagua mafuta ya aina moja yalilijua hilo zamani.

Tatu, mkataba ununue maarifa pamoja na vyuma. Michoro, vipuri vya miaka kadhaa na programu inayoiongoza betri viwe mikononi mwa mnunuzi, au viwekwe amana kwa namna ambayo kampuni ikifa mnunuzi atavipata. Aidha, pikipiki nyingi za kisasa huzungumza na simu, na hutuma habari za mwendo wao kwa waliozitengeneza. Chombo cha ulinzi kinachomjulisha mtu wa ng'ambo mahali kilipo hakifai kuitwa chombo cha ulinzi.

Nne, umeme na kivuli vitangulie pikipiki. Kituo kisicho na paneli, betri za akiba na kibanda cha kuzitunzia kisipelekewe.

Tano, mafundi wafunzwe mapema. Betri za pikipiki zenye nguvu hizi zaweza kumuua fundi anayezigusa bila kujua, na moto wa lithiamu hauzimwi kwa ndoo moja ya maji. Vyuo vya ufundi vya VETA viliwatoa mafundi wengi wa injini za petroli. Vinaweza pia kuwatoa mafundi wa mota na betri, iwapo mtaala utabadilishwa kabla vyombo havijafika bandarini.

Watumishi wa serikali na walimu wana sehemu zao katika jambo hili, kila mmoja mahali pake. Mwalimu wa fizikia anayewafundisha vijana tofauti ya wati na wati-saa anawaandaa watu ambao kesho hawatadanganywa na karatasi ya matangazo. Ofisa ugavi anayekataa kupitisha zabuni isiyo na kifungu cha vipuri anailinda nchi kama askari aliye zamu. Mhasibu anayeuliza paneli ziko wapi kabla ya kulipia pikipiki anamwokoa askari wa porini asije akasukuma kilo mia moja za chuma usiku wa manane, mbali na kituo chake.

Usiache mbachao kwa msala upitao, lakini pia usiukatae msala ulio mwema kwa sababu tu ni mgeni. Pikipiki ya umeme imekwisha kuthibitisha kwamba inafaa kwa kazi fulani: doria fupi, doria za mjini, na mwendo wa kuvizia. Ipewe kazi hizo, kwa idadi ndogo na kwa hesabu zilizo wazi, na iongezewe nyingine kadiri itakavyozimudu. Petroli na miguu ya askari viendelee kubeba kazi zilizobaki mpaka siku betri itakapozibeba yenyewe bila kusaidiwa na maneno ya wauzaji.